Wanafunzi Waliojichunga Wenyewe: Historia ya Jumuiya za Kikristo katika Vyuo vya Dar es Salaam

Mwaka 1969 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Elimu, na mwaka uliofuata shule za makanisa zikawa mali ya umma. Ukiwauliza watu uhai wa jumuiya za wanafunzi Wakristo vyuoni umetoka wapi, wengi watakutajia wamisionari, au wahubiri wakubwa wa mikutano ya viwanja vya Jangwani. Hao wana sehemu yao, na tutafika kwao. Lakini mimi naamini chanzo halisi ni sheria ile. Serikali ilipochukua shule, mapadri na wachungaji waliondoka kwenye mabweni, na kazi waliyoiacha ikaokotwa na vijana wa miaka kumi na saba, kumi na minane. Hawajaiweka chini mpaka leo.

Kengele ya misheni, 1887–1960

Ukristo wa Dar es Salaam ulianza pamoja na shule. Walutheri kutoka Ujerumani walifika mwaka 1887, na Wabenediktini wakajenga misheni mwaka 1888 huko Pugu, kilima cha nje ya mji. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni hiyo ilivunjwa na baadhi ya wamisionari wakauawa, ila kazi ikaanza tena. Waanglikana wa UMCA nao walihamishia chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, hadi Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Pugu ikawa Chuo cha Mtakatifu Fransisko, na hapo ndipo Julius Nyerere alipofundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili ashike siasa.

Katika shule hizo imani ilikuwa sehemu ya ratiba. Kengele ililia, wanafunzi wakaenda kusali, padri akahubiri, kengele ikalia tena. Mwanafunzi aliipokea imani kama alivyopokea hesabu na Kilatini, na hakuna aliyemtarajia aongoze chochote kilichozidi kusoma somo ibadani.

Mbegu ya namna nyingine ilikuwa ikiota mbali na pwani. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 ulivuka mipaka hadi Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanganyika. Walokole, kama walivyokuja kuitwa, walikuwa waumini wa kawaida: walimu, wauguzi, wakulima. Waliungama dhambi mbele ya wenzao, wakashuhudia na kuimba mapambio, na hawakusubiri ruhusa ya mchungaji ili waombe. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, kwa sababu walikataa kuacha mikutano yao ya alfajiri. Mmoja wa watoto wa uamsho huo, Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alifundisha shule ya sekondari Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950. Wanafunzi wa huko walimwona mtu mzima, msomi, aliyezungumza habari za Yesu bila joho wala mimbari.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa ikipanuka. Magomeni, Kinondoni na Temeke zilijengwa katika miaka ya 1950 kuwa makazi ya Waafrika waliofurika mjini. Wenyeji wa pwani walikuwa Waislamu kwa sehemu kubwa, na Wakristo wengi walikuja kutoka bara kutafuta kazi, wakiwa wamebeba Biblia na vitabu vyao vya nyimbo. Makanisa ya vitongoji hivyo yalianza kwa ibada za makabila na madhehebu ya nyumbani. Kijana Mhaya Mlutheri na kijana Mgogo Mwanglikana waliweza kuishi mtaa mmoja Temeke wasikutane kwenye sala hata siku moja. Kilichokuja kuwakutanisha ni shule na vyuo.

Mlimani na mapinduzi, 1961–1970

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima kilichoitwa Observation Hill, nje kabisa ya mji, na jina la Mlimani likashika.

Miaka michache iliyofuata ilikuwa moto. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na karibu 400 wakarudishwa makwao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Walter Rodney akafundisha historia, wanafunzi wa mrengo wa kushoto wakaunda chama chao cha mapinduzi na kutoa jarida la *Cheche*, hadi vyote viwili vilipopigwa marufuku mwaka 1970. Marx alisomwa darasani na kubishaniwa bwenini.

Mwanafunzi Mkristo aliyefika Mlimani kutoka shule ya misheni alijikuta, kwa mara ya kwanza, mahali ambapo imani yake ilihitaji kutetewa kwa hoja. Hakukuwa na kengele ya kumwita sala. Wako waliokaa kimya, na wako walioacha kabisa. Waliobaki walijifunza kukutana wachache wachache, na hapo wakalazimika kujibu swali ambalo wazazi wao hawakuulizwa: Kanisa linamsaidiaje mkulima? Swali hilo halikutoka kwa wakomunisti peke yao. Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, Nyerere mwenyewe, Mkatoliki aliyehudhuria misa kila siku, alisema wazi kwamba Kanisa lisiposimama na wanyonge katika kupigana na umaskini, litapoteza maana yake. Naona maneno ya aina hiyo, yakitoka kwa Rais aliyekuwa pia muumini, yaliwasaidia Wakristo wa vyuoni kuliko mahubiri mengi. Yaliwaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mjamaa asubuhi na kupiga magoti jioni.

Shule zinachukuliwa, 1970–1980

Turudi kwenye sheria. Lengo la Serikali lilikuwa la haki, nami sioni sababu ya kulipinga leo. Kabla ya hapo mtoto wa Kiislamu wa Kinondoni alikuwa na nafasi ndogo mno ya kupata sekondari, kwa sababu shule nyingi nzuri zilikuwa za misheni. Sasa wanafunzi wa dini zote na mikoa yote walichanganywa. Dini ikabaki na kipindi chake kwenye ratiba: saa ikifika, Waislamu wanaingia darasa hili, Wakatoliki lile, Waprotestanti lile la mwisho, na kila kundi linamsubiri mwalimu wake kutoka nje.

Mara nyingi mwalimu huyo hakuja. Mchungaji mmoja wa mjini alikuwa na usharika mzima wa kuhudumia, na shule zilizomhitaji zilikuwa kadhaa, kila moja na ratiba yake. Darasa lilikaa na Biblia mezani, dakika zikapita. Hatimaye mwanafunzi mmoja akasimama na kuanza kufundisha wenzake. Sijui namna nyingine ya kueleza jinsi mamlaka ya kiroho yalivyohama kutoka kwa mchungaji kwenda kwa kijana wa kidato cha tatu, ila hivi: kiti kilikuwa kitupu, akakikalia.

Baada ya kipindi yakaja maombi ya jioni katika darasa la kuazima, kisha uongozi wa kuchaguliwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Mwalimu Mkristo wa shule akaombwa awe mlezi. UKWATA, Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, CCT, uliwaunganisha Waprotestanti wa shule mbalimbali, na makongamano yake ya Pasaka yakawa shule ya pili. Huko kijana wa sekondari ya Azania alikutana na msichana wa Jangwani na mwenzao wa Kibasila, wakalala kwenye sakafu za madarasa, wakakesha wakiomba, wakarudi wamebadilika. Wakatoliki walikuwa na harakati yao ya TYCS. Umoja wa Kujisomea Biblia ulitoa vitabu vya masomo ya kila siku, kitu kidogo kilichofanya kazi kubwa, kwa sababu mwanafunzi asiye na mchungaji alihitaji mahali pa kuanzia kila asubuhi.

Hatua mbili nyingine za Serikali ziliusaidia mwendo huu bila kukusudia. Ya kwanza ni JKT: wahitimu wa kidato cha sita walipelekwa makambini kwa lazima, na vijana waliokuwa viongozi wa dini shuleni wakakutana huko na wenzao kutoka kila mkoa. Ya pili ni Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Matokeo yake, waliofika Mlimani mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa watu wazima, wenye mishahara nyuma yao, wengine na familia, na waliokwisha kuongoza vikundi vya maombi kazini. Jumuiya ya chuo ikapata wazee wake ndani ya wanafunzi wenyewe.

Mjini nako kulikuwa kumewaka. Kuanzia 1972 hadi kifo chake mwaka 1975, Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, aliendesha huduma ya maombezi na uponyaji iliyovuta maelfu bila kuuliza dhehebu. Moses Kulola, kwa upande wa Wapentekoste, alihubiri viwanjani nchi nzima. Mwanafunzi aliyeshuhudia hayo wakati wa likizo alirudi bwenini na habari, na habari hizo hazikukaa darasani kimya.

Ugomvi ulizuka makanisani. Kijana aliyezoea kusali kwa sauti, kupiga makofi na kushuhudia, alirudi usharikani kwao Magomeni au Temeke akakuta liturujia iliyopoa, na wazee waliomtazama kwa shaka. Aliitwa mlokole kwa kejeli. Aliambiwa anavuruga utaratibu. Wengine walitengwa kwenye meza ya Bwana, wengine wakahamia kwa Wapentekoste, na wengi wakavumilia hadi nywele za wazee zilipokwisha na zao zikaanza kuota mvi. Josiah Mlahagwa, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika juu ya jambo hili katika kitabu kilichohaririwa na Thomas Spear na Isaria Kimambo mwaka 1999. Anaonyesha kwamba vikundi hivi vya maombi vilikua mpaka vikawa kama kanisa ndani ya makanisa. Nakubaliana naye kabisa.

Njaa, mgomo na mgawanyiko, 1980–1998

Vita vya Kagera viliisha mwaka 1979, uhaba ukaanza. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, karatasi: kila kitu kilikuwa cha foleni. Kwa jumuiya za wanafunzi, kipindi hiki kilikuwa cha kubebana kwa maana halisi. Sadaka ndogo ya Jumapili ilimlipia nauli mwenzao aliyefiwa, ikamnunulia mwingine dawa. Waliosalia likizo kwa kukosa nauli walikula pamoja. Imani iliyokuwa ya kukesha na kuimba ikajifunza kugawana mkate.

Mei 1990 Chuo Kikuu kilifungwa baada ya mgomo, kikafunguliwa tena Januari 1991. Kwa miezi hiyo wanafunzi wa Mlimani walitawanyika mikoani, na waliokuwa na wito wa uinjilisti walijikuta wakihubiri vijijini kwao. Misheni za likizo, kikundi cha wanafunzi kufunga safari hadi wilaya ya mbali kuhubiri nyumba kwa nyumba na kwenye shule, ni desturi ambayo haijafa tangu hapo.

TAFES, jumuiya ya wanafunzi wa kiinjili, ilisimamia umoja usiojali madhehebu. Ni mwanachama wa mtandao wa dunia wa IFES, ulioasisiwa mwaka 1947, na kanuni yake ni kwamba wanafunzi ndio wanaoongoza. Mfanyakazi wa huduma hupita kama mshauri tu. Life Ministry, tawi la huduma aliyoianzisha Bill Bright huko Los Angeles mwaka 1951, ilileta uinjilisti wa mtu kwa mtu na maonyesho ya filamu ya Yesu.

Mafanikio hayo yaliwaamsha wenye makanisa. Maaskofu waliona vijana wao wakikua nje ya mikono yao, wakaanza kuwatafutia vyama vyao. USCF ikawa ya wanafunzi wa vyuo chini ya CCT, CASFETA ikawalea Wapentekoste, TMCS Wakatoliki, Wasabato nao wakawa na TUCASA. Uamsho wa Karismatiki Katoliki uliwapa vijana wa Kikatoliki sala za sifa bila kuacha rozari. Nje ya vyuo, makanisa mapya yalifungua milango kando ya barabara walizopita wanafunzi. Full Gospel Bible Fellowship ya Zachary Kakobe ilianza mwaka 1989 na kujikita Mwenge, karibu kabisa na Mlimani.

Faida zilikuwepo. Chama chenye kanisa nyuma yake hupata mlezi, ukumbi na fedha kidogo. Hata hivyo nasikitika kwa kilichopotea. Kizazi cha miaka ya 1970 kiliungana kwa sababu hakikuwa na wa kukisemea. Kizazi kilichofuata kilijikuta kikichagua, wiki ya kwanza tu chuoni, kati ya vibao vinne au vitano.

Jambo jingine lilikuwa zito zaidi. Mihadhara ya hadhara ya Waislamu na Wakristo, kila upande ukichambua kitabu cha mwenzake, ilizidi kuwa mikali. Aprili 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivunjwa jijini. Februari 1998 polisi walifyatua risasi karibu na msikiti wa Mwembechai, Magomeni, na watu wakauawa. Wanafunzi Wakristo waliokuwa wakihubiri mitaani Kinondoni na Temeke walikuwa wageni kwenye mitaa ya Waislamu, na wengi wao walikuwa na majirani na wachumba wa zamani, hata ndugu wa damu, upande wa pili. Jumuiya zenye busara zilijifunza kuhubiri bila kumtukana mtu, kutembelea wagonjwa bila kuuliza dini yao, na kumsalimu mzee wa mtaa kwa shikamoo kabla ya kuwasha kipaza sauti. Zisizo na busara zilifunga milango ambayo haijafunguka hadi leo.

Vyuo vinafurika, 2000–2015

Kisha ikaja idadi. Hosteli ya Mabibo ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chuo Kikuu cha Tumaini kilianzisha tawi lake la Dar es Salaam mwaka 2003. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 ikaanza kazi mwaka 2005, na mwaka huohuo chuo cha ualimu cha Chang'ombe, Temeke, kikageuka DUCE. Ardhi kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Chuo cha uhasibu Kurasini, Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere Kigamboni, chuo cha usafirishaji Mabibo, vyote vilijaa. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 mkoani. Ya 2012 ilihesabu 4,364,541.

Mabweni hayakutosha. Wanafunzi walibebana, wawili kitanda kimoja, mmoja akiwa na jina kwenye orodha na mwingine bila. Waliokosa kabisa walipanga vyumba Sinza, Changanyikeni, Mtoni, Mbagala, Keko. Hapo historia yetu ilihama kutoka chuoni kwenda mtaani.

Mwaka wa jumuiya ya wakati huu una mwendo unaoeleweka. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapofika, viongozi wanakuwepo mapema kwenye usajili: wanabeba masanduku, wanaonyesha njia, wanasaidia kutafuta chumba. Kazi hiyo huvuta wengi kuliko hubiri lolote, kwa kuwa mtoto aliyetoka Kigoma au Namtumbo anaogopa daladala za jiji kabla hajaanza kuogopa mitihani. Wiki zinazofuata kuna ibada ya kuwakaribisha, vikundi vya kujifunza Biblia kwenye vimbweta, maombi ya alfajiri, mkesha wa Ijumaa. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka, sadaka hupanda. Likichelewa, mweka hazina huwa na kazi ngumu ya kuamua nani apewe hela ya chakula na nani asubiri. Mitihani ikikaribia, maombi yanajaa. Matokeo yakitoka, kuna wa kusherehekea, kuna mwenye sapu, yaani mtihani wa kurudia, na kuna aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, anayehitaji mtu wa kumsindikiza kituo cha mabasi na kuzungumza naye asifanye la kujidhuru. Kwangu huduma hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko mikutano yote ya hadhara.

Kwaya ni jeshi la pili. Nyimbo za Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama na za AIC Chang'ombe zilifika kila pembe ya nchi kwa kaseti na baadaye kwa video, na vijana wa vyuo walikulia humo. Aliyejifunza sauti ya tatu kanisani kwao alikuja kuwafundisha wenzake chuoni, akarudi nyumbani na mtindo mpya wa kinanda.

Udhaifu pia upo, na ni wa kimaumbile. Uongozi hudumu mwaka mmoja. Kila anayejua kazi anahitimu. Daftari la mweka hazina hupotea, ukumbi uliozoeleka unachukuliwa na darasa la jioni, mlezi anahamishwa. Kila baada ya miaka mitatu jumuiya ya chuo inajengwa upya na watu ambao hawakuwepo ilipoanza.

Baada ya 2016

Wilaya za Ubungo na Kigamboni zilipokatwa kutoka Kinondoni na Temeke, Mlimani ikajikuta Ubungo. Aprili 2017 zilifunguliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, na sehemu ya waliokuwa mitaani ikarudi chuoni. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona hadi tarehe 1 Juni, ingawa nyumba za ibada hazikufungwa. Maombi yalihamia kwenye simu, na makundi hayo ya simu yamebaki, mengi yakiwa na wahitimu kuliko wanafunzi.

Wahitimu hao ndio wanaohitaji kuangaliwa sasa. Wamejenga Kimara, Mbezi, Goba, Chanika, Kibada na Mbagala ya ndani, mahali ambapo barabara ilifika baadaye na kanisa baadaye zaidi. Wanakutana jioni sebuleni kwa mtu, wanaleta viti vya plastiki, wanachagua katibu na mweka hazina bila kuambiwa na mtu, kwa sababu ndivyo walivyofanya tangu kidato cha kwanza. Usharika ukija kusajiliwa, wazee wake wa kanisa wanatoka humo. Na kwenye nyumba za kupanga za Chang'ombe na Keko, ambako wanafunzi wa DUCE wanaishi vyumba sita katika ua mmoja, wanaoomba pamoja usiku ni Mlutheri, Mpentekoste, Mkatoliki wa Karismatiki na Msabato, kwa kuwa ndio waliopo uani na maji yakikatika wanachota kisima kimoja. Vyama vyao vina ofisi tofauti. Wao wameshapanga zamu ya nani afungue kwa sala kesho.